Mwongozo kamili wa utafiti wa uzamivu: kutafuta muundo bora wa kompoziti ukiwa Zanzibar

Siku ya bamvua, maji yakishakupwa, nenda pwani ukainame chini ya boti ya faiba iliyopwelewa. Pitisha kiganja taratibu kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Utafika mahali rangi imekwisha, ngozi ya nje ya rezini imelika, na nyuzi za glasi zimechomoza kama mvi, zinachoma vidole. Pamesuguliwa na mwamba na mchanga, maji kupwa maji kujaa, tangu boti iliposhushwa. Mwenyewe atakwambia amekwishaipeleka kwa fundi mara mbili kuongezwa mati chini, yaani mkeka wa nyuzi za glasi, na kila ikirudi ni nzito zaidi na mashine inakula petroli zaidi.

Tatizo lote la kusanifu kompoziti limo katika mstari huo uliochubuka. Uongeze tabaka wapi, upunguze wapi, nyuzi zielekee upande gani, ili chombo kiwe chepesi na bado kistahimili? Mwongozo huu ni wa kijana wa Unguja au Pemba anayetaka kulifanya swali hilo kuwa shahada ya uzamivu. Njia hiyo nimeipita. Palipo tambarare nitapita upesi, palipo na mashimo nitakawia.

Kwanza tuelewane maneno

Kompoziti ni vitu viwili au zaidi vilivyounganishwa vikafanya kazi ambayo kimoja peke yake hakiiwezi. Nyumba ya fito na udongo ni kompoziti: fito hubeba, udongo hushika fito mahali pake na kuziba. Kwenye boti, nyuzi za glasi hubeba na rezini hushika. Kwenye ndege ya Boeing 787, ambayo nusu ya uzito wa muundo wake ni kompoziti, nyuzi ni za kaboni na rezini ni epoksi, lakini kazi zimegawanywa vile vile.

Bamba la chuma ukilivuta kwa urefu au kwa upana, ni lile lile. Tabaka la nyuzi zilizolazwa upande mmoja ni kakamavu sana kwa urefu wa nyuzi na dhaifu kwa upana. Kwa hiyo msanifu wa kompoziti huchagua unene, halafu mwelekeo wa kila tabaka, halafu lipi likae juu na lipi chini. Uhuru huo ndio utamu wa fani hii, na ndio unaoifanya iwe ngumu.

Kila kazi ya kutafuta muundo bora ina sehemu tatu. Kuna vigeu, yaani vitu unavyoruhusu vibadilike: idadi ya tabaka, mielekeo, nafasi kati ya taruma na taruma, zile mbavu za ndani ya chombo. Kuna lengo, kama uzito mdogo au gharama ndogo. Na kuna masharti: bamba lisivunjike, lisinepe kupita kiasi, lisibonyee, na fundi aweze kulitengeneza. Masharti yapende kuliko kitu chochote. Kompyuta hukutii neno kwa neno, na sharti ulilolisahau ndilo litakalopitiwa kwanza. Hili nitalirudia, maana lilinigharimu miezi.

Hatua ya 1: swali lenye mwenyewe

Wengi huanza na mada kama "matumizi ya algorithimu mpya katika kuboresha miundo ya kompoziti". Hiyo haina mwenyewe. Hakuna mtu ufukweni wala kiwandani anayeisubiri, na watahini watakuuliza kwa nini algorithimu hiyo na si nyingine.

Swali zuri lina chombo, lina mahali na lina kizuizi. Kwa mfano: boti ya uvuvi ya faiba inayopwelewa kila siku kwenye mwamba inaweza kupunguzwa uzito kiasi gani bila kufupisha maisha ya mkuku, ikiwa inatengenezwa kwa mkono na si kwa mtambo? Ukiweza kuandika vigeu, lengo na masharti yake kwenye ukurasa mmoja, una swali. Usipoweza, bado una mada tu.

Kuna mtego mmoja unaowanasa vijana wetu, na nausema kwa mapenzi. Tumekulia kwenye minazi. Tumewaona bibi zetu kule Jambiani na Paje wakifukia makumbi pwani miezi kadhaa, wakayafukua, wakayapiga, wakasuka kamba za usumba. Mitepe, vyombo vya zamani vya baharini, ilishonwa kwa kamba hizo bila msumari. Basi mtu anakuja na wazo la kuondoa glasi kwenye boti na kuweka usumba. Kabla hujaandika pendekezo, fanya hesabu ya mchanganyiko, ya dakika mbili tu.

Ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kuvutika, hupimwa kwa gigapaskali, na wa uzi wa glasi ni kama 72. Wa usumba ni kati ya 4 na 6. Wa rezini ya poliesta ni kama 3.5. Chukua nyuzi zilizonyooka upande mmoja, asilimia 30 ya ujazo. Kwa glasi: 0.3 mara 72, jumlisha 0.7 mara 3.5, unapata kama gigapaskali 24. Kwa usumba, ukichukua 5: 0.3 mara 5, jumlisha 0.7 mara 3.5, unapata 3.95. Yaani umefanya kazi yote hiyo na bamba lako limeizidi rezini tupu kwa chembe tu.

Hilo lisikuvunje moyo juu ya usumba. Uzi wake hunyumbuka sana kabla ya kukatika, mara nyingi asilimia 15 na kuendelea, wakati glasi hukatika kabla ya kufika asilimia 5. Kitu kinachonyumbuka hivyo kinafaa kumeza kishindo. Kwa hiyo geuza swali: usumba ukae wapi ndani ya muundo ili kazi yake iwe kupokea pigo, na ukakamavu uachiwe glasi? Au tazama mkonge, ulioingizwa Tanga mwaka 1893 na ambao ni kakamavu kuliko usumba mara kadhaa. Swali likigeuzwa hivyo linakuwa la utafutaji wa muundo bora kweli, maana kila nyuzi inatafutiwa mahali pake.

Hatua ya 2: msimamizi na mtambo

Ukisoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha au ng'ambo, tafuta wasimamizi wawili: mmoja wa hesabu za miundo, mmoja wa malighafi. Aliyebobea kwenye hesabu peke yake atakuacha uamini namba za vitabu. Aliyebobea kwenye malighafi peke yake atakuacha unavunja sampuli miaka minne bila kusanifu chochote.

Kabla ya kukubali nafasi, omba kuuona mtambo wa kuvuta sampuli ukifanya kazi. Uliza ulisawazishwa lini na cheti kiko wapi. Uliza nani ana ufunguo wa chumba. Maswali hayo ni madogo, lakini mwaka wa pili utayashukuru. Kibali cha utafiti nacho kianze kushughulikiwa mapema, hasa ukitarajia kuhoji watu pande zote mbili, Visiwani na Bara.

Hatua ya 3: kusanya mizigo kutoka kwa wenye chombo

Hapa ndipo nilipoangukia pua. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua mizigo yote kutoka kwenye kiwango cha kimataifa cha boti ndogo, ISO 12215, ambacho hukupa shinikizo la maji la kusanifia sehemu ya chini, ubavuni na sitahani. Ni kiwango kizuri na lazima ukijue. Nikaipa kompyuta mizigo hiyo, ikafanya kazi siku kadhaa, ikanipa boti nyepesi ajabu. Nilifurahi mno.

Nikaenda na mchoro kwa mzee mmoja mvuvi, upande wa mashariki wa Unguja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

Nikamwonyesha mahali nilipopunguza tabaka. Akakaa kimya, kisha akanishika mkono tukaenda hadi kwenye boti yake iliyolala upande. Akagonga mkuku kwa kisigino, karibu na katikati.

"Hapa ndipo ulipopunguza?"

"Naam, mzee."

"Basi hapa ndipo zinapofia zote. Bahari haina ubaya na chombo, mwanangu. Ubaya uko siku ya kukivuta."

Nilikuwa sijaandika sharti la kupwelewa. Kwenye hesabu zangu boti ilikuwa inaelea siku zote. Haikupata kukaa juu ya jiwe moja, imejaa maji ya mvua na mashine nyuma. Wala haikupata kuburutwa na watu sita wanaohesabu kwa sauti moja. Kompyuta iliona mkazo mdogo mkukuni ikapunguza pale pale. Haikukosea. Mimi ndiye niliyeiuliza swali la chombo kisichofika pwani.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua futikamba, daftari na kamera, pita pwani wakati wa bamvua. Kwa kila boti pima mchubuko unaanza wapi na kuishia wapi kutoka fashini, upana wake, na kama nyuzi zinaonekana. Uliza mara ngapi imetengenezwa na wapi. Uliza inapandishwa vipi, kwa magogo au kwa kuburuta. Nenda kipindi cha kaskazi na kipindi cha kusi, maana chombo kinachotia nanga upande mmoja huenda kikahamia mwingine upepo ukigeuka. Ukirudi mezani utakuwa na ramani ya majeraha, na kila jeraha ni mzigo ambao muundo wako lazima uubebe.

Hatua ya 4: nadharia kwa mkono wako mwenyewe

Usiguse programu kubwa kabla hujaandika programu yako ndogo ya nadharia ya matabaka, ile inayokokotoa tabia ya bamba zima kutokana na tabaka moja moja. Lugha ya Python inatosha, na ni mistari isiyofika mia mbili. Inatoa matriki tatu, yaani majedwali ya namba. A inaeleza bamba likivutwa, D likipindwa, na B inaeleza vile kuvuta kunavyozaa kupinda. Matabaka yakipangwa sawa juu na chini ya mstari wa kati, B huwa sufuri. Yasipokuwa sawa, bamba lililoiva kwa joto litajikunja likipoa, kama ukuti uliokauka. Tengeneza moja dogo la tabaka mbili zilizopishana digrii 90 uone mwenyewe. Hutaisahau B tena.

Jaribu programu yako kwa vitu unavyojua jibu. Ipe matabaka ya alumini matupu: D lazima iwe ukakamavu mara unene kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa 12 mara (1 toa uwiano wa Poisson kwa kipeo cha pili). Uwiano huo hueleza kitu kikivutwa kwa urefu kinasinyaa kiasi gani kwa upana. Zungusha matabaka yote digrii 90: namba za urefu na za upana zibadilishane nafasi. Ikishindwa hapo, usiendelee.

Kipeo hicho cha tatu ndicho kinachoendesha fani nzima. Tuchukue bamba la chini ya boti kati ya mataruma mawili, umbali sentimita 40, unene milimita 6, mati ya kawaida yenye ukakamavu wa gigapaskali 7, uwiano wa Poisson 0.3, shinikizo kilopaskali 10, kingo zimeshikwa imara. D inakuwa kama nyutoni-mita 138. Mnepo wa katikati ni shinikizo mara umbali kwa kipeo cha nne, gawanya kwa 384 mara D: milimita 4.8. Ukiongeza unene kufika milimita 8, mnepo unashuka hadi 2.0, lakini ngozi yote imekuwa nzito kwa theluthi moja. Ukiuacha unene ule ule wa 6 na kusogeza mataruma yawe sentimita 30, mnepo unashuka hadi 1.5. Taruma za ziada zina uzito wao pia, na hapo ndipo utafutaji unapoanza kuwa na maana. Wajenzi wa majahazi waliweka mataruma karibu karibu kabla ya hesabu hii kuandikwa.

Hatua ya 5: pima malighafi ya hapa, iliyotengenezwa na mikono ya hapa

Namba za vitabu zimetoka kwenye maabara yenye hewa kavu na mikono iliyofunzwa kwa sampuli. Wewe unasanifu kitu kitakachotengenezwa kibandani, paa la bati, masika ikinyesha.

Siku ya kwanza usimrekebishe fundi. Mwangalie. Fundi wengi hupima dawa ya kugandisha kwa kifuniko cha chupa. Mwombe akumiminie kifuniko kimoja mara kumi, upime kila mara kwa mizani ya kielektroniki, upate wastani na mtawanyiko. Kiwango cha kawaida kwa poliesta ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa rezini. Joto likipanda rezini huganda upesi, fundi hupunguza dawa kwa uzoefu, na wewe unahitaji kujua amepunguza ngapi. Andika joto la chumba na unyevu wa hewa kwenye kila bamba, pamoja na saa ya kuanza na ya kumaliza.

Bamba langu la kwanza nililitengeneza mwezi wa Aprili. Roli ya mati ilikuwa imekaa wazi kibandani wiki nzima. Nilipokata sampuli, ukingo ulikuwa na matundu kama mkate wa kumimina, na matokeo yakatawanyika hata wastani ukawa hauna maana. Tangu hapo mati hukaa ndani ya mfuko uliofungwa, na kabla ya kutumika huanikwa kwenye kabati lenye taa ya joto. Usumba na mkonge vinataka zaidi ya hapo: vikaushwe kwenye oveni hadi uzito usibadilike tena, ndipo viingie kwenye rezini.

Sampuli ya kuvuta ya mati iwe urefu milimita 250 na upana 25, ikatwe kwa diski ya almasi yenye maji. Kata angalau tano kwa kila aina, na kutoka bamba zaidi ya moja. Ili kupata tabia ya kukatana, yaani bamba likisukumwa upande huu na upande wa pili kinyume, huhitaji kifaa cha ajabu: vuta sampuli ambayo matabaka yake yamelazwa digrii 45 kulia na kushoto. Pima mkandamizo pia, ingawa ni mgumu kuupima vizuri, kwa sababu kompoziti nyingi hushindwa mapema zikigandamizwa kuliko zikivutwa.

Kiasi cha glasi kipime kwa kuchoma. Kipande cha gramu 5.00 kikiingia kwenye tanuri la maabara karibu na nyuzijoto 565, rezini huungua yote na glasi hubaki. Ikibaki gramu 1.55, una asilimia 31 ya uzito. Njia hii haifai kwa usumba, maana wenyewe nao utaungua. Huko itakubidi upime uzito wa nyuzi kabla ya kumimina na uzito wa bamba baada ya kuiva.

Halafu maji. Zamisha sampuli kwenye maji ya bahari na uzipime siku ya 1, ya 4, ya 9, ya 16, ya 25, ya 36. Nimechagua siku hizo kwa sababu mwanzoni maji huingia kwa kufuata kipeuo cha pili cha muda, yaani mzizi wake, na ukichora uzito dhidi ya mzizi huo nukta zako zitalala kwenye mstari kwa nafasi sawa. Mstari ukianza kukata kona kwenda chini, uzito wa sampuli unapungua: kuna kitu kinayeyuka na kutoka. Vunja sampuli zilizoloana sambamba na kavu. Namba za zilizoloana ndizo za kusanifia boti.

Na usalama, tafadhali. Mvuke wa rezini ya poliesta unadhuru, kwa hiyo milango iwe wazi na barakoa iwe ya kuchuja kemikali, ile ya kitambaa haisaidii. Dawa ya kugandisha ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Na dawa hiyo isichanganywe kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, kwani inalipuka. Koroga kimoja ndani ya rezini hadi kipotee, ndipo utie cha pili. Wafundishe na wasaidizi wako hivyo hivyo, kwa maneno na kwa maandishi ukutani.

Hatua ya 6: modeli ya kompyuta

Sasa ndiyo wakati wa mbinu ya elementi, ile ya kulikata umbo vipande vidogo na kutatua vyote pamoja. Programu za CalculiX na Code_Aster ni za bure na zinatosha. Anza na bamba la hatua ya 4. Modeli ikikupa mnepo wa milimita 4.8 au karibu sana, endelea. Ikikupa 9, kuna kingo hujazishika au kipimo umekosea kati ya mita na milimita. Punguza vipande nusu kwa nusu hadi jibu lisibadilike kwa zaidi ya asilimia 1 au 2.

Elementi za aina ya ganda ni nyepesi na nzuri kwa ngozi ya chombo, lakini hazioni matabaka yakibanduka. Mwisho wa taruma, pale linapokatika ghafla juu ya ngozi, ndipo matabaka huanza kuachana. Sehemu hizo zijenge kwa elementi nene, kipande kidogo peke yake.

Hatua ya 7: utafutaji wenyewe

Chukua bamba la tabaka 16, linganifu juu na chini, mielekeo minne ya kuchagua: 0, 45, -45 na 90. Nusu moja ndiyo huru, yaani tabaka 8, kwa hiyo mipangilio ni 4 kwa kipeo cha 8: 65,536. Kila mmoja ukichukua dakika moja, ni siku 45 na ushei. Ongeza tabaka ziwe 24, mipangilio inakuwa 16,777,216, na dakika hizo ni karibu miaka 32. Ndiyo sababu hatujaribu yote.

Njia zipo kadhaa. Algorithimu za jenetiki, zilizotokana na kazi ya John Holland ya mwaka 1975, hupandanisha mipangilio mizuri na kuacha mibaya. Zinafaa kwa sababu mielekeo ni ya kuchagua, haitelezi kidogo kidogo. Njia nyingine ni vigezo vya lamineti: ukishajua unene wa jumla, tabia ya matabaka yote, yawe 8 au 80, hubebwa na namba 12 tu, na zikiwa linganifu zinabaki 8. Unatafuta kwanza katika namba hizo, kisha unarudi kutafuta mpangilio halisi unaokaribiana nazo.

Modeli ikiwa nzito, tumia modeli mbadala. Unaendesha modeli kamili mara chache, mahali palipotawanywa vizuri, kisha unajenga kanuni nyepesi ya kukisia palipobaki. Maarufu yao, kriging, inabeba jina la Danie Krige, mhandisi wa Afrika Kusini ambaye mwaka 1951 alikuwa akitafuta namna ya kukisia dhahabu iliyo kati ya sehemu zilizotobolewa. Chombo kilichozaliwa migodini Afrika sasa kinasanifu mabawa ya ndege.

Mambo mawili ya kazi. Endesha utafutaji mara nyingi ukianzia sehemu tofauti, angalau mara kumi, na uripoti matokeo yote. Na weka programu ihifadhi hali yake kila baada ya kizazi. Unguja iliwahi kukaa bila umeme wa gridi takriban miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi ni kukatika kwa saa kadhaa tu, lakini saa hizo zinatosha kuchoma kazi ya wiki.

Kuhusu mielekeo, kompyuta ilinipa digrii 37 na 52. Nikampelekea fundi.

"Digrii 37 nitaipata wapi, kijana wangu?"

Kisha akachukua kitambaa cha glasi kilichosukwa, akakikunja kona kwa kona kama anayekunja leso, akapasua kwenye mkunjo. Hiyo ni 45, na inatoka sawasawa kila mara bila kupimwa. Siku hiyo mielekeo yangu ikawa 0, 45, -45 na 90 basi, na uzito ulioongezeka ulikuwa mdogo sana.

Hatua ya 8: umbali kutoka ukingoni

Muundo bora kwa kawaida umesimama ukingoni mwa sharti, tena masharti kadhaa kwa pamoja. Hapo pana hatari. Mwaka 1945 Warner Koiter alitetea tasnifu yake pale Delft, Uholanzi, akionyesha kuwa dosari ndogo za umbo zinaweza kushusha sana mzigo ambao ganda jembamba linabonyea. Aliiandika kwa Kiholanzi, ikasubiri hadi miaka ya 1960 kutafsiriwa ndipo dunia ikaisoma kwa upana. Hilo huwa nawatajia wanafunzi wanaoona kazi yao iko mbali na watu.

Kwa hiyo chukua muundo wako na uutikise. Zungusha kila tabaka bila mpangilio ndani ya digrii 5 kila upande. Badilisha unene na kiasi cha glasi kwa mtawanyiko ulioupima mwenyewe kwa yule fundi. Rudia mara maelfu kwa modeli mbadala. Mara nyingi muundo wa pili au wa tatu kwa wepesi ndio unaosimama, na wa kwanza unaanguka. Chagua unaosimama.

Hatua ya 9: jenga, kisha vunja

Jenga kipande kikubwa, mkuku na mataruma mawili, kwa rezini ile ile na fundi yule yule. Kabla ya kukivunja, andika kwenye karatasi mzigo unaotabiri, mahali kitakapoanzia kupasuka na namna. Saini, tarehe, mpe msimamizi aifungie. Utabiri ulioandikwa baada ya kuona hauna uzito mbele ya watahini. Kiweke juu ya jiwe halisi la pwani, sio juu ya bomba la chuma la maabara, na rekodi video. Kikivunjika pengine, usikifiche. Sura hiyo ya tasnifu ndiyo itakayosomwa zaidi.

Hatua ya 10: kuandika, na karatasi ya fundi

Andika tangu mwezi wa kwanza, hata kurasa mbili kwa wiki. Weka faharasa ya Kiswahili ya maneno yote ya kazi unavyoyakusanya: mkuku, taruma, fashini, kupwelewa. Namba zako za malighafi ziweke wazi pamoja na hali ya hewa ya siku ya kutengeneza, ili atakayekuja nyuma yako Pemba asianze upya.

Kabla ya nakala ya mwisho kwenda kujalidiwa, chora karatasi moja ya fundi. Umbo la boti likitazamwa kutoka chini. Rangi nyekundu palipo na tabaka za ziada, buluu palipopunguzwa, mishale ya mwelekeo wa nyuzi, na idadi ya tabaka kwa tarakimu kubwa. Pembeni, dawa ya kugandisha kwa vifuniko, kifuniko chake yeye, ulichokipima mara kumi. Ipitishe kwenye plastiki ngumu isiloane, umpelekee, naye aibandike ukutani juu ya kalibu.